Vifaranga Waliokula Wati 1,188

Nyumba tunayopanga hapa Mtwara ina vyumba sita na LUKU moja. Aliyewahi kuishi nyumba ya namna hiyo ameshajua ugomvi ulikoanzia. Jumamosi tulichanga, tukaingiza uniti 30. Jumatano jioni LUKU ikaanza kulia. Macho yote yakaelekea kwa Mama Vifaranga, ambaye wiki nzima alikuwa na boksi la vifaranga 25 chini ya balbu ya wati 100, ile ya kizamani yenye kiwaya ndani, inayowaka usiku na mchana.

"Muiteni Injinia apime," akasema Babu mwenye nyumba.

Injinia ndiye mimi. Cheti sina, nina malitimita, kile kimita cha mkononi cha kupimia umeme.

Nilianza vizuri. Nikaweka mita kwenye volti za AC, ncha mbili ndani ya soketi: 218. Jioni watu wakiwasha kila walicho nacho, 230 kamili ni bahati. Kisha nikachomoa balbu, nikaiacha ipoe, nikageuza mita kwenye omu, kipimo cha ukinzani, yaani jinsi kitu kinavyouzuia umeme, na kugusisha ncha kwenye vile vitone viwili vya risasi kitakoni. Omu 40.

Basi nikapiga hesabu mbele ya wapangaji wote. Nguvu ni volti mara volti, gawa kwa omu. 218 mara 218 ni 47,524. Gawa kwa 40, wati 1,188. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja, basi kwa saa 24 ni uniti 28 na nusu. "Kila siku," nikamalizia, kwa sauti ya kusoma hukumu.

Mama Vifaranga hajui omu, lakini anauza samaki kwa mafungu, na hesabu haimpiti. "Mwanangu, uniti 30 tumeweka Jumamosi. Kama hawa wanakula 28 kwa siku, si tungekuwa gizani tangu Jumapili? Na friji ya Babu ilikuwa inakula nini, upepo?"

Watu wakacheka. Hapo ningekaa kimya, ningebaki na mita nzima. Nikasema napima ampea, yaani kiasi cha umeme unaopita, ubishi uishe.

Nikahamisha waya mwekundu kwenye tundu la 10A, nikageuza kitufe, nikarudi palepale nilipopimia volti: kwenye soketi.

Paa!

Kucha yangu ikamulikwa buluu, kisha giza nyumba nzima. Kwa Babu redio ilikatika katikati ya penalti. Vifaranga wakaanza kulia wote kwa pamoja.

Ukipima volti, mita ina ukinzani wa mamilioni ya omu, umeme haupati pa kupita. Ukiiweka kwenye ampea inakuwa kama kipande cha waya: pamoja na nyaya zake ni omu 0.1 hivi. 218 gawa kwa 0.1 ni ampea 2,180. Nyaya za ukutani hupunguza kiasi, lakini ampea zinazobaki zinatosha kuangusha sakiti breka, kuua fyuzi ya ndani ya mita na kuyeyusha ncha. Yangu hadi leo ina kovu kama kiberiti kilichozimwa. Mita ya ampea haichomekwi kwenye soketi hata kidogo. Hukaa njiani, umeme upite ndani yake ndipo ufike kwenye balbu.

Mama Vifaranga akajaza maji ya moto kwenye chupa, akaiviringisha kanga na kuiweka bokisini. Jirani akashauri nifunge fyuzi kwa uzi wa waya. Nilikataa, siku hiyo akili zilikuwa zimenirudia kidogo. Kesho yake nikanunua fyuzi ya kauri ya ampea 10, aina ileile ya iliyoungua.

Safari hii nikachukua ekstensheni ambayo haijachomekwa, nikakata waya wa moto peke yake, nikafunga ncha mbili za mita pale ulipokatika na kuziba kila penye shaba. Ndipo nikachomeka, mikono mbali. Ampea 0.42. Mara 218, wati 92. Kwa siku, uniti 2.2.

Na zile omu 40? 218 gawa kwa 0.42 ni 519. Balbu haijabadilika, imewaka tu. Kile kiwaya cha tangisteni kikipata joto la zaidi ya nyuzi 2,000, ukinzani wake hupanda kama mara 13. Mimi nilipima balbu iliyolala, nikaipigia hesabu ya iliyo kazini. Ndiyo maana balbu nyingi huungua unapowasha: kwa nukta ya kwanza inavuta ampea tano na ushee.

Ningeishia hapo, lakini Babu akauliza, "Na lile jiko lako la koili?"

Koili ya jiko ni nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu, haidanganyi hivyo; baridi au moto, omu zake karibu ni zilezile. Nikapima: 35. Nikaitaja kwa sauti ndogo. Mama Vifaranga akaandika mwenyewe kwenye simu: 47,524 gawa kwa 35.

"Wati 1,358," akasoma. "Injinia, mbaazi zako kavu huwa zinakaa jikoni saa ngapi?"

Saa tatu. Uniti nne kila sufuria, karibu siku mbili za vifaranga wote 25.

Jumamosi hiyo uniti nilinunua peke yangu. Mbaazi sasa napikia mkaa, na Mama Vifaranga akipita hunusa na kuuliza zimefika wati ngapi.