Albumini Ikishuka Baada ya Kuchangia Ini: Chanzo au Dalili?

Anayejitolea sehemu ya ini lake huingia chumba cha upasuaji akiwa mzima, na akichangia upande wa kulia hutoka akiwa amepungukiwa na takribani asilimia 60 ya kiungo hicho. Siku zinazofuata, mara nyingi albumini, protini ambayo hutengenezwa na ini, huwa imeshuka chini ya gramu 35 kwa lita. Wapo wanaoamini kwamba upungufu huo ndio unaoyaletea mapafu matatizo, na wapo wanaouona kuwa dalili tu.

Hoja ya wale wa kwanza ina uzito. Takribani robo tatu ya nguvu inayoyashikilia maji ndani ya mishipa ya damu hutokana na albumini. Ikipungua, maji huvuja na kujikusanya kati ya pafu na ukuta wa kifua, hasa upande wa kulia, jirani na kidonda.

Lakini albumini hudumu: nusu yake huisha kwa wiki tatu hivi, kwa hiyo anguko la siku moja haliwezi kuelezwa na udogo wa ini peke yake. Dripu huizimua damu, damu nyingine humwagika, na mishipa midogo hulegea kutokana na jeraha la upasuaji wenyewe, mambo ambayo huyadhuru mapafu pia. Jaribio la SAFE la mwaka 2004, lililohusu wagonjwa mahututi karibu 7,000, halikuonyesha kwamba albumini hupunguza vifo kuliko maji ya chumvi. Hao hawakuwa wachangiaji wa ini, ni kweli, ila linatutahadharisha tusikimbilie kurekebisha namba.

Mtazame mchangiaji siku ya pili: amekumbatia mto tumboni, anavuta pumzi fupi fupi, anakizuia kikohozi kwa kuwa kidonda kilicho chini ya mbavu kinamkata. Sehemu ya chini ya pafu haifunguki, makohozi yanabaki, na nimonia hupata njia. Chupa ya albumini haimsaidii huyu kukohoa. Kinachomfaa ni kutulizwa maumivu ipasavyo, mazoezi ya kupumua, kutembezwa mapema na dripu yenye kiasi.

Hata hivyo sikubali kipimo hicho kipuuzwe. Albumini inayozidi kushuka wakati ya wachangiaji wengine imeanza kupanda ni sababu tosha ya kukipima kifua kwa eksirei au altrasaundi siku hiyohiyo, kabla pumzi haijamwishia mtu ambaye hakuwa mgonjwa hata kidogo.