CTC Pemba: mlango wake wenyewe au foleni ya wote?

Marekani iliposimamisha ghafla misaada yake ya nje, Januari 2025, hoja ya kuziingiza kliniki za VVU, zile tunazoziita CTC, ndani ya huduma za kawaida za hospitali ilipata nguvu. Wenye hoja hiyo wana hesabu upande wao. Maambukizi Zanzibar yako chini ya asilimia 1, kwa hiyo kituo chenye wagonjwa wachache hubeba chumba, muuguzi na daftari kwa ajili yao tu. Dawa nayo imekuwa nyepesi: wengi humeza kidonge kimoja kwa siku, chenye tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Anayemeza bila kukosa mpaka virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Ana tofauti gani na mwenye presha? Wajawazito, tena, wanapimwa na kupewa dawa hapo hapo kliniki ya uzazi.

Kwa Pemba iko sababu nyengine, nzito kuliko pesa. Mlango wa peke yake unamtangaza mtu. Akae kwenye benchi lile Chake Chake asubuhi, adhuhuri habari imeshafika shehiani kwake. Ndiyo maana wako wanaoona bora wapande boti wakachukulie dawa Unguja, na bahari ikichafuka au nauli ikikosekana, dozi inakatika.

Wanaopinga nao hawabahatishi. Kwenye chumba kile muuguzi anajua nani hajamwambia mumewe, na nani anatia pamba ndani ya kopo ili vidonge visilie kwenye mkoba. Ukipitiliza tarehe, unatafutwa. Na dirisha la dawa la wote, tuseme kweli, siri halina: jina linaitwa kwa sauti, maelezo yanatolewa na watu watatu nyuma yako wanasikiliza.

Mimi naelemea kuunganisha, ila si kwa wote. Aliyetulia kwenye dawa apewe ya miezi 3 au 6, achanganyike na wenziwe. Anayeanza, au kijana aliyezaliwa na virusi na sasa amechoshwa na vidonge, bado anahitaji chumba na mtu wake. Kinachonitia wasiwasi ni kuunganisha kwa sababu fedha zimekwisha. Hapo wa mwanzo kuondolewa huwa mshauri nasaha, na ndiye aliyekuwa akimpigia simu aliyekosa kliniki. Kabla chumba hakijafungwa, hospitali iseme nani atapiga simu hizo, na kwa vocha ya nani.