Tuma na ya Kutolea: Fimbo, Utii na Wajibu wa Kijana kwa Mzazi

Jirani yetu mmoja wa zamani, huku Tanga, alilea watoto sita kwa mkwaju. Hakuwa mlevi wala katili. Alikuwa baba aliyeamini kwamba mtoto akishakuogopa, ameshakuheshimu. Leo wote sita ni watu wazima na hakuna aliyemtupa. Kila mwanzo wa mwezi ujumbe wa pesa unaingia kwenye simu yake, na pesa hizo zinatosha unga, luku na dawa za presha. Simu ya kumuuliza ameamkaje haiingii. Aliwahi kumwambia baba yangu barazani, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulizoea jambo: "Wananilisha, ila hawaniongeleshi."

Maneno hayo hunirudia kila ninaposikia lawama moja ambayo sasa iko msibani, kwenye vikao vya harusi na kwenye makundi ya ukoo ya WhatsApp: kwamba vijana wa siku hizi hawana uchungu na wazazi wao kwa sababu wamelelewa kizungu. Hawakuchapwa, wakaruhusiwa kuuliza "kwa nini", wakazoea kumjibu mzazi. Na mtu aliyezoea kumjibu mama yake akiwa na miaka 14, wanasema, hatamjengea chumba cha uzeeni akiwa na 40. Nimeisikia lawama hii kwa watu ninaowaheshimu, nami sikatai kwamba ina ukweli ndani yake. Ninachokataa ni aina ya mzazi ambaye lawama hiyo inamwangukia.

Wanaofuatilia mambo ya malezi wanaujua mgawanyo wa mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Marekani, wa miaka ya 1960, kwa hiyo sitaurudia wote. Muhimu ni kwamba aliona wazazi wa namna tatu: anayeamuru bila kusikiliza, anayesikiliza bila kudai chochote, na anayedai huku akisikiliza. Mjadala wetu una wawili tu, mkali na mlegevu. Yule wa tatu, anayemwamsha binti yake saa kumi na moja achote maji na bado akampa nafasi ya kusema amechoka, tumemtia kapu moja na anayemwachia mtoto simu mpaka usiku wa manane. Huyo ndiye ninayemsemea hapa.

Lakini kwanza upande wa wakali, maana wana hoja. Wazee wetu wengi hawana pensheni. Mkulima, mvuvi, mama lishe na fundi seremala kiinua mgongo chao ni mtoto. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi, na Kenya kupitia mpango wa Inua Jamii huwapa wazee wake shilingi 2,000 za huko. Ni hatua za heshima, ila hakuna mzee anayeweza kuishi kwa fedha hizo peke yake. Mzazi anayemkazia kijana adabu, basi, anakata bima ya uzee wake kwa njia pekee aliyofundishwa. Tena ukali si lazima uwe chuki. Mwaka 1994 mtafiti Ruth Chao alionyesha kwamba ukali wa wazazi wa Kichina haupimiki vizuri kwa kipimo cha Baumrind, kwa kuwa wenye mila hiyo wanauona umebeba mafunzo na kujali. Hata kwetu mtoto hujua tofauti ya mama anayemfokea kwa kumwonea uchungu na mama anayemfokea kwa kumchoka.

Hapo nawaunga mkono. Tunapoachana ni pale wanaposema fimbo ndiyo iliyotuletea watoto wenye wajibu na kukosekana kwake ndiko kulikotuharibia.

Kuna takwimu ambayo sijaweza kuiacha tangu nilipoisoma. Uchunguzi wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa Tanzania mwaka 2009 na matokeo yake kutolewa 2011, ulikuta kwamba karibu robo tatu ya wasichana, na karibu robo tatu ya wavulana, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kutimiza miaka 18. Sehemu kubwa ilikuwa ngumi, mijeledi na mateke, na kati ya waliowapiga walikuwamo ndugu na walimu wao. Robo tatu! Katika kila vijana wanne unaowapita kituoni, watatu.

Sasa tazama umri wao. Waliohojiwa walikuwa na miaka 13 hadi 24. Leo wako kwenye thelathini, na wakubwa wao wamegusa arobaini. Hao ndio tunaowaita "vijana wa siku hizi". Ndio wanaolaumiwa kwamba wamewasahau wazazi kijijini, kwamba wanapokea mshahara na kuzima simu. Kizazi tunachosema kimeharibiwa na upole kilipigwa, na kilipigwa sana. Kama fimbo ingekuwa mbegu ya wajibu, hiki kingekuwa kizazi cha mavuno.

Niliwahi kumwonyesha shemeji yangu hesabu hii, naye akanirudishia kwa haki kabisa: kama karibu wote walipigwa, basi aliyemjengea mama yake na aliyemtelekeza wote wametoka kwenye fimbo ileile, na huwezi kusema fimbo ndiyo iliyomharibu wa pili. Ni kweli. Ila hoja hiyo inakata pande zote mbili, kwa kuwa huwezi pia kusema ndiyo iliyomtengeneza wa kwanza. Kilichowatofautisha watu hawa kiko mahali pengine, na huko ndiko tunakopaswa kutazama.

Upo utafiti ambao wapenda fimbo huutaja nusu. Mwaka 2005 mtafiti Jennifer Lansford na wenzake walichapisha matokeo ya kuwahoji akina mama na watoto wao katika nchi sita: China, India, Italia, Ufilipino, Thailand na Kenya. Waliona kwamba pale kuchapwa kunapochukuliwa kuwa jambo la kawaida, uhusiano wake na matatizo ya mtoto huwa hafifu zaidi. Wengi hukomea hapo wakafurahi. Lakini matokeo hayakuishia hapo: hata palipozoeleka, watoto waliochapwa zaidi walikuwa na ukorofi na wasiwasi zaidi. Mazoea yalipunguza makali, hayakuyamaliza.

Basi wajibu unatoka wapi? Jibu ninaloliamini zaidi lilipatikana karibu na kwetu. Katika miaka ya 1950 watafiti walikaa Nyansongo, kwa Wagusii wa Kenya, wakiwalinganisha watoto wa huko na wa jamii nyingine tano za dunia. Watoto wa Nyansongo walijitokeza kwa kusaidia na kujali wenzao. Wazazi wao walikuwa wakali, hilo lisifichwe. Lakini watoto hao pia walikuwa na kazi ambazo nyumba isingekwenda bila wao: kuchunga, kuchota maji, na kumbeba mdogo wakati mama yuko shambani. Mtoto mlezi huyo huko huitwa omoreri. Je, kilichowafanya wajali ni ukali au ni kazi?

Mwanaanthropolojia Carol Ember alipata namna ya kuvitenganisha viwili hivyo. Katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973 aliwatazama wavulana wa Kijaluo huko Oyugis, Kenya. Baadhi yao walikuwa wakifanya kazi zinazohesabiwa za wasichana, ikiwemo kulea watoto wadogo, kwa sababu nyumbani hapakuwa na dada wa kuzifanya. Jamii ilikuwa moja na mila za malezi zilezile. Waliopewa kazi hizo walikuwa na ugomvi mdogo na msaada mwingi kwa wengine kuliko wavulana ambao hawakuzifanya. Nikisoma hapo namwona mvulana amembeba mdogo wake mgongoni, anajifunza kutambua kilio cha njaa na kilio cha usingizi. Kumtambua mwingine kunakohitajika pale ndiko kutakakohitajika miaka thelathini baadaye, mama atakaposema "sijambo" na sauti yake ikasema vingine.

Mzazi mlegevu hampi mtoto nafasi hiyo, na hapa wakali wako sahihi kabisa: nyumba ambayo kijana wa miaka 15 hajawahi kuosha sufuria inalea mgeni. Ila mzazi mkali asiyesikiliza naye huiharibu kazi hiyohiyo kwa kuigeuza adhabu. "Umechelewa, utaosha vyombo wiki nzima." Kijana anajifunza kwamba kuwahudumia wa nyumbani kwake ni malipo ya kosa. Watafiti Kuang-Hui Yeh na Olwen Bedford, walioandika mwaka 2003 kuhusu familia za Taiwan, walitenga wajibu wa mtoto kwa mzazi katika sura mbili: ule unaotokana na shukrani na ukaribu, na ule unaotokana na kulazimika kutii mamlaka. Sura zote mbili zinaweza kutuma pesa. Mzee wetu wa Tanga anaijua vizuri ile ya pili.

Wajibu wenyewe unaweza kuzidi kipimo, na hili husemwa kwa nadra. Mwaka 1999 mtafiti Andrew Fuligni na wenzake walichunguza zaidi ya vijana 800 wa sekondari nchini Marekani, wengi wao wenye asili ya Asia na Amerika ya Kilatini. Vijana wenye moyo wa wajibu kwa familia walikuwa na uhusiano mzuri zaidi na nyumbani. Lakini waliokuwa na wajibu mkubwa kupita wote, masomoni walishuka na kulingana na wale wenye wajibu mdogo kabisa, au hata chini yao. Binti anayelea wadogo zake wanne na kuuza maandazi alfajiri kabla ya darasa ataelewa bila kuonyeshwa jedwali.

Wanaotetea mamlaka ya mzazi hupenda kutaja ibara ya 31 ya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, inayomtaka mtoto awaheshimu wazazi wake wakati wote na kuwasaidia wanapohitaji. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imeuchukua wajibu huo. Nafurahi kwamba upo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 hauna ibara ya namna hiyo, na Afrika ilikuwa na haki ya kuiongeza. Ila ibara hiyohiyo inasema "kulingana na umri na uwezo wake", na ibara ya 7 inampa mtoto haki ya kutoa maoni yake. Walioandika hawakuona mgongano kati ya kuheshimu na kusema. Sisi ndio tuliouingiza.

Tena tunauita uzungu, jambo linaloniuma. Dua ambayo Mwislamu hufundishwa kuwaombea wazazi wake, kutoka Surat Al-Israa, inaomba wahurumiwe kama walivyomlea yeye alipokuwa mdogo. Malezi ndiyo yaliyofanywa kipimo cha ombi. Waraka kwa Waefeso unawaamuru watoto watii, na mstari si mbali unawakataza akina baba kuwachokoza. Na kabla ya vyote hivyo tulikuwa na utani wa babu na mjukuu, ambapo mtoto aliruhusiwa kumwambia mzee neno ambalo kwa baba yake lingemletea kofi, naye mzee akacheka na kumjibu. Hakuna aliyesema utani ule unamharibu mtoto.

Jirani yetu sasa anaishi na mjukuu wa kike, kidato cha pili. Huyu hampigi. Labda ni uzee, labda ni ule utani. Sidai kwamba mtoto mmoja ni ushahidi. Binti anafua, anapika na anampeleka kliniki ya presha, na akiona zamu si ya haki anasema, nao wanaipanga upya. Mwezi uliopita pesa zilikuja pungufu baada ya makato ya wakala. Babu angenyamaza, kama alivyozoea kwa watoto wake. Binti alichukua simu akampigia aliyezituma: "Shangazi, shikamoo. Umetuma bila ya kutolea, babu amekatwa. Halafu subiri usikate, yuko hapa, zungumza naye."