Fenicha za ajabu ajabu Dodoma: ikiharibika, nani anaitengeneza?

Siku hizi Dodoma kila mwenye nyumba mpya anataka kitu ambacho jirani hana. Tangu serikali ianze kuhamia huku kwa nguvu mwaka 2016 (uamuzi wenyewe ni wa 1973, ila tunajua ulivyokaa), nyumba zimeota Iyumbu, Kisasa, Ilazo, Nzuguni mpaka njia yote ya Mtumba, na nyumba ikiisha lazima ijazwe. Kochi la kawaida na meza ya kioo watu wamezichoka. Sasa hivi ni meza ya mbao iliyopitiwa katikati na mkondo wa bluu kama mto wa maji, umemiminwa kwa resini (plastiki ya maji inayoganda ikawa ngumu), kitanda cha duara, stuli ya tairi, taa ya kibuyu, na ukuta wa nyuma ya tivii umepigwa paneli za mistari mistari na taa za LED zimefichwa kwa pembeni. Ubishi ndo hapo unapoanza, kuna wanaosema huu ni ulimbukeni wa Instagram, hela inateketea bure, na kuna wanaosema bila hawa wateja wenye vituko mafundi wetu wangebaki kuchonga kitanda kilekile mpaka kiama.

Pande zote zina hoja. Ila mi kabla sijauliza kama kitu ni kizuri huwa nauliza kwanza, kikiharibika, kuna fundi hapahapa mjini wa kukishika?

Chukua hiyo meza ya mto maana ndo yenye kesi nyingi. Dodoma kukavu bana, kuanzia Mei mpaka Novemba huko mvua ni ya kuisikia tu redioni, upepo unapiga, na ile mbao iliyoletwa ikiwa bado mbichi mbichi kutoka Mufindi au kwenye stoo ya Dar inaendelea kukauka ikiwa tayari ni meza sebuleni kwako. Mbao inasinyaa, resini haisinyai nayo. Mwanzo unaona kitu chembamba pale bluu inapokutana na mbao, unadhani ni nywele, unafuta na kitambaa haitoki, unapitisha kucha inanasa, basi ujue ni ufa huo. Bado jua la dirishani linaloigeuza resini kuwa ya njano polepole, na bado sufuria. Resini nyingi za kawaida zinaanza kulainika kwenye nyuzijoto 50 au 60 hivi, kwa hiyo sufuria ya ugali ikitua pale bila kitu chini inaacha duara, na duara hilo halitoki kwa vanishi, inabidi uso wote upigwe msasa upya, hatua kwa hatua mpaka ule laini kabisa, halafu ung'arishwe. Mafundi wenye vifaa na subira ya kazi hiyo sio wengi.

Kinachochekesha ni kwamba Greg Klassen, yule Mmarekani aliyevuma kwa meza za mto, zake alikuwa anaweka kioo cha bluu, kimekatwa kufuata ukingo wa mbao. Kioo kikipasuka, fundi kioo anachukua vipimo anakata kingine. Sisi tukarukia resini ya kumimina, ambayo ikishaganda imeganda, huichomoi.

Lakini upande wa pili nao usidharauliwe. Resini inaokoa mbao ambazo zamani zilikuwa kuni, yani gogo la mninga lenye tobo katikati au ufa wa asili, ambalo fundi wa kitanda hana kazi nalo, huyu wa resini analitaka hilohilo. Na mninga unasifika kwa kutocheza cheza sana ukishakauka. Kwa hiyo mi siilaumu resini, lawama ni kwa haraka. Mteja anataka meza wiki ijayo kabla wageni hawajaja, fundi anataka hela leo.

Kitanda cha duara sina maneno mengi. Godoro lake linakatwa kwa oda, shuka ni za kushonesha, chandarua sijui unakifunga wapi, na ukihamishwa kikazi kwenda Kigoma nyumba yenye chumba kidogo ndo utajua maana ya kona. Mtumishi anayepanga asikiguse. Hizo paneli za mistari nazo ni nzuri kwa macho kweli, ila upepo wa Julai ukianza, kila mfereji unakusanya vumbi lake, na kwa maji haya ya mgao anayezifuta sio yule aliyezichagua, mara nyingi ni dada wa kazi.

Sasa kuna vitu vya ajabu ambavyo navitetea kabisa. Kule Maputo kuna msanii anaitwa Gonçalo Mabunda, anachukua mabaki ya bunduki na silaha za vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Msumbiji vilivyoisha 1992, anaunganisha anapata viti vya enzi, na viti hivyo vimefika kwenye majumba ya sanaa Ulaya. Ukiangalia ufundi wenyewe ni kuchomelea chuma, kazi ambayo mafundi wa geti na grili pale Chang'ombe wanaifanya kila siku. Kilichokuwa kipya ni malighafi aliyoiokota kwake. Sasa Dodoma tuna nini? Tuna zabibu. Mashina ya mizabibu iliyozeeka Hombolo na Mpunguzi yamejisokota yenyewe, shina moja ni mguu wa taa tayari, chupa za waini zipo, vibuyu vipo, na kibuyu ukikitoboa matundu madogo madogo kwa drili kinamwaga mwanga ukutani mpaka raha (weka balbu ya LED tu, zile za zamani zinachemka). Kikipasuka unatoboa kingine. Na vile vigoda vya miguu mitatu vya kuchonga kwenye gogo moja, havina msumari wala gundi, havitikisiki hata sakafu ikiwa mbaya, mbona hivyo hatuviiti vya kisasa?

Palleti (zile fremu za mbao za kupangia mizigo) pia poa, ila geuza uone muhuri. Zile za kusafirishia mizigo nje ya nchi huwa na alama ya IPPC (mkataba wa kimataifa wa kulinda mimea), ikiandikwa HT imepashwa joto kuua wadudu, ikiandikwa MB ilipigwa gesi ya sumu ya methyl bromide, hiyo usiiingize chumbani. Isiyo na muhuri wowote mchwa wa Dodoma wataikaribisha wenyewe.

Kuna atakayeniambia mbona Mfaransa Philippe Starck alitoa kikamulio cha limao mwaka 1990, kina miguu mirefu mitatu, mbegu zinashuka na juisi, na bado dunia inakinunua? Ni kweli, na wengi wanakiweka kabatini kama pambo. Hakuna ubaya, alimradi unajua umenunua pambo. Shida ni kununua pambo halafu unataka kulia ugali.

Na hilo swali langu la nani atatengeneza nalo lina tundu. Jipsam ilipoanza kuingia watu waliiponda hivihivi, leo fundi jipsam unampata kila mtaa. Fundi anajifunzia kwenye kazi, hamna njia nyingine, sema gharama ya kujifunza anaibeba mteja wa kwanza bila kuambiwa. Hapo ndo pa kuongea. Wapo wanaoshauri ubakize sehemu ya malipo mpaka Oktoba, kiangazi kiipime meza kwanza, fundi atakukatalia na ana haki, mbao na resini ananunua keshi. Kwangu njia yenye unafuu ni mteja kununua mbao mwenyewe mapema, uzipange barazani kivulini zenye vijiti katikati hewa ipite, zikae kiangazi kizima hapahapa Dodoma, ndo umwite fundi aje apime. Kopo la resini linunuliwe mwisho kabisa, na mezani pawe na mkeka wa kuwekea sufuria.