Valvu 16, halafu?

Kuna wauza magari ukiwauliza injini ikoje, jibu lao ni moja: "Bosi, hii ni twin cam, valvu 16!" Basi, wamemaliza. Twin cam ni kamshafti mbili, zile fimbo zinazozunguka na kufungua valvu; na valvu ni vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi kwenye silinda. Kwangu mimi idadi ya valvu ni nusu ya habari. Nataka kujua zimekaa wapi, na gari lenyewe litafanya kazi gani.

Chukua Ford V8 ya mwaka 1932. Valvu zake zilikaa ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku, lile pande la chuma lenye silinda. Hewa ilipanda kupitia valvu, ikakata kona, ndipo ikashuka kwenye pistoni. Moshi nao ulitokea humo humo ndani ya bloku, ukipasha moto maji ya rejeta, na injini zile zilisifika kwa kuchemsha. Lita 3.6, nguvu farasi 65! Leo injini ya Toyota 1NZ ya lita 1.5, ile iliyojaa kwenye IST na Probox, inavuka 100. Sawa, mafuta bora na kompresheni (kubana hewa zaidi ndani ya silinda) navyo vimechangia, lakini njia ya hewa imefanya kazi kubwa.

Ukiziweka valvu juu, nne kwa kila silinda, plagi inakaa katikati na moto unasambaa pande zote kwa pamoja. Valvu zenyewe ni ndogo na nyepesi, kwa hiyo zinafunga haraka hata injini ikikimbizwa.

Sasa ikiwa haikimbizwi? Njia pana, hewa inapita kivivu, gari linakuwa zito kuondoka. Toyota walilijua hilo. Kwenye injini zao za 4A-GE za mwanzo, zenye valvu 16, miaka ya 1980, waliweka T-VIS, mfumo unaoziba njia moja kati ya mbili za hewa za kila silinda mpaka injini ichangamke. Yaani walewale waliobandika stika za valvu 16 walikuwa wanafunga nusu ya milango!

Ndiyo maana sishangai injini ya 1HZ ya Land Cruiser, dizeli ya lita 4.2, silinda 6, kamshafti moja na valvu 12 tu, kupanda mlima na mzigo bila haraka.

Na anayedhani valvu mbili kwa silinda ni za matrekta na malori, aitazame Corvette Z06 ya 2006, gari la mbio za barabarani la Kimarekani: kamshafti moja ndani ya bloku, vijiti vinasukuma valvu kama zamani, lita 7.0, nguvu farasi 505.