Vidole: Kiungo Kipya au Urithi wa Mapezi?

Kwamba miguu ya wanyama wenye uti wa mgongo ilitokana na mapezi ya samaki, hilo halibishaniwi tena. Kinachobishaniwa ni vidole. Mfupa wa mkono wa juu na ile miwili ya kigasha ina wenzake katika mapezi ya samaki wa kale, lakini vidole vilitoka wapi?

Wapo wanaoshikilia kuwa ni kitu kipya kabisa. Mwaka 1995, Denis Duboule na wenzake wa Geneva walionesha kuwa jeni za Hox, zinazoelekeza mpangilio wa viungo vya mwili, na ambazo katika kiinitete cha panya huamka tena mahali vidole vitakapochomoza, hazikuonekana kufanya vivyo hivyo katika pezi la samaki zebra. Isitoshe, kidole huanza kama gegedu ndipo kikawa mfupa, ilhali vijiti vyembamba vinavyotandaza pezi huundwa moja kwa moja ndani ya ngozi.

Hoja hiyo ilitikiswa mwaka 2016, pale maabara ya Neil Shubin huko Chicago ilipoharibu jeni za hox13, sehemu ya kundi hilo la Hox, za samaki zebra. Vijiti vya pezi vilipungua mno, huku vijifupa vinavyoanza kama gegedu, vilivyo kwenye shina la pezi, vikiongezeka. Panya naye, akikosa Hoxa13 na Hoxd13, jeni za aina hiyohiyo, haoti vidole. Ushahidi huu ni mzito, ila unathibitisha ukale wa jeni, si ukale wa kidole, kwa kuwa jeni zilezile zaweza kujenga viungo viwili tofauti.

Ndiyo maana mimi navitegemea zaidi visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe. Elpistostege, samaki wa mita 1.57 kutoka Miguasha nchini Kanada, ambaye uchunguzi wake ulichapishwa mwaka 2020, alipopigwa picha za CT, yaani eksirei zinazoonesha ndani ya jiwe, alikutwa na safu za vijifupa vilivyopangwa kama vya vidole, vikiwa bado vimefunikwa na vijiti vya pezi. Ikiwa vyote viwili vilikaa pamoja katika pezi moja, ni vigumu kudai kuwa kijiti ndicho kilichogeuka kidole. Ni kweli kwamba vijifupa hivyo havikuwa huru, na anayevinyima jina la vidole ana haki ya kusikilizwa. Lakini Acanthostega, mnyama wa kale wa miguu minne aliyeishi takriban miaka milioni 365 iliyopita, tayari alikuwa na vidole 8 katika mkono mmoja, naye Ichthyostega, mwenzake wa kale, alikuwa na 7 mguuni. Idadi ya vitano ilitulia baadaye sana.