Hapana, Sikufomati Harusi ya Mtu

Bandugu, kabla hamjaendelea kumsikiliza yule rafiki yangu wa bafle, nisikilizeni na mimi. Anazunguka Katuba nzima, hapa Lubumbashi, akisema nimefomati harusi, yaani nimefuta filamu ya maharusi kwenye kompyuta. Sikufomati! Filamu ilikuwepo. Ilikuwa chini tu.

Usiku wa Ijumaa nilikuwa napanga diski ya mashini: GB 40 za mfumo wa Linux, sehemu yote inayobaki iwe ya video, ibandikwe, yaani iunganishwe na mfumo, kwenye folda ya /video. Nikafungua GParted, programu ya kugawa diski. Nikaibandua sehemu ya video, nikaipanua, nikajisifu. Halafu nikanakili filamu ya maharusi kwenye /video, GB 11 nzima, mkono mwingine uko kwenye bukari. Wanaojua Linux tayari wameshika kichwa. Tulieni, msiwaharibie wengine.

Jumamosi, ukumbini Kamalondo. Nawasha mashini, fstab, ile orodha ya sehemu za kubandika, inasomwa kama kila siku, sehemu ya video inabandikwa mahali pake. MC anatangaza, taa zinazimwa, nafungua /video ukutani mbele ya koo mbili.

Folda moja. lost+found. Ina kufuli.

Baba wa bibi harusi akapandisha miwani.

"Filamu iko ndani ya hiyo?"

"Hapana, Papa, hiyo ni ya mfumo."

"Fungua tuone."

"Haifunguki, Papa. Ni ya root."

"Root ni nani? Mpigieni simu aje."

Msicheke, mimi sikucheka. Root si mtu, ni akaunti ya msimamizi wa mashini. Shangazi mmoja akataka kujua kwa nini wao walipe halafu ufunguo ubaki kwa mtu ambaye hata hakualikwa. Nikafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, nikaandika sudo ls ili nione ndani kwa mamlaka ya root, ikaniomba neno la siri. Sasa, kwenye mashini yangu neno la siri la sudo halionekani unapoliandika, hata nyota hakuna. Kwa hiyo ukumbi mzima unaniona napiga vidole na ukutani hakitokei kitu. Nikakosea. Nikarudia taratibu, herufi moja moja, jasho linadondokea kibodi. Ikakubali. Jibu: mstari mtupu. Nyuma mtu akasema "Yesu", na rafiki yangu wa bafle, badala ya kunisaidia, akaweka wimbo wa matanga.

Nikapiga df, amri ya kuonyesha nafasi ya diski. Sehemu ya mfumo, ambayo juzi ilikuwa na nafasi tele, imejaa mpaka shingoni. Hapo ndipo akili ilirudi: nilinakili filamu wakati sehemu ya video imebanduliwa, ikaangukia kwenye folda tupu ya mfumo; ilipobandikwa tena ikaifunika, kama mkeka juu ya pesa. Nikaandika umount, amri ya kubandua. Ikakataa, eti inatumika, kumbe lile dirisha la ukutani ndilo limeishikilia. Nikalifunga, umount ikapita, filamu hiyo hapo, haina hata mkwaruzo. Ikachezwa watu wakiwa kwenye foleni ya sombe. Watoto ndio walioitazama.

Nusu ya malipo bado nadai. Nikimpigia baba wa bibi harusi, ananiambia nikadai kwa Root.